Kupanga mambo yako ungali hai: mwongozo kamili kwa walioanza wakakwama

Kila nikigusia hii mada napata meseji zinazofanana kama mapacha. Mtu kafika hamsini na kitu au sitini, kazika rafiki wa rika lake, karudi nyumbani akasema basi na mi napanga mambo yangu. Jumamosi kafungua kabati, kashusha boksi la picha, na masaa matatu baadae yuko sakafuni na picha moja mkononi, machozi yanamlengalenga, kabati liko wazi na hakuna hata kitu kimoja kilichopangwa. Anarudisha vyote. Mwaka unapita.

Huyo hana moyo mdogo, kaanzia tu upande ambao sio. Picha ndo kitu kigumu kuliko vyote na yeye kaanza nazo. Hapa tunaenda kinyume chake, karatasi kwanza, afu simu, afu vitu, afu majukumu, na maneno mazito yanakuja mwishoni ukiwa umeshazoea. Mi naamini kuachilia kunaanza mikononi, moyo unafuata nyuma shingo upande. Ukisubiri kwanza ujisikie tayari utasubiri mpaka wengine waje wapange bila wewe.

Onyo moja kabla hatujaanza. Kama unataka kugawa vitu vyako kwa sababu umechoka kuishi, au unajiona mzigo na unatamani usiwepo, acha hii kazi kwanza na mwambie mtu leo hii, awe ndugu, rafiki au daktari. Hilo ni jambo lingine kabisa na lina msaada wake.

## Vitu vya kuwa navyo

- Faili moja gumu, la rangi inayoonekana kwa mbali
- Daftari na kalamu ya wino (penseli inafutika)
- Bahasha kubwa kama sita
- Stika au vipande vya karatasi na selotepu
- Maboksi matatu na mifuko ya taka
- Simu yako, ikiwa na chaji na intaneti
- Meza na kiti. Usifanyie kazi hii sakafuni, magoti yatakukumbusha umri wako na kuinuka ghafla kunaangusha watu
- Miwani yako ya kusomea

Muda: saa moja na nusu kwa siku, usizidishe. Ukizidisha unaanza kuamua kwa uchovu, na mtu aliyechoka anatupa cha maana na kubakiza takataka. Kazi nzima inaweza kuchukua miezi miwili au mitatu na hakuna ubaya.

## Hatua ya 1: Chagua watu wawili na uwaambie

Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa safarini, anaweza kuugua, au anaweza kutangulia yeye. Usichague kwa mapenzi, chagua kwa tabia. Yule mtoto unayempenda sana lakini hupoteza funguo kila wiki sio huyu. Unamtaka mtu anayejibu simu, anayetunza risiti, na asiyegombana na nusu ya ukoo.

Waambie wazi: "Nikiumwa nikashindwa kusema, au nikifa, faili liko mahali fulani, na we ndo nakutegemea." Sentensi moja inatosha. Watu wengi wanafeli hapa sababu wanaandaa kila kitu vizuri afu hawamwambii mtu, faili linakuja kuonekana mwaka mzima baada ya mazishi.

Utajua umefanikiwa wote wawili wakiweza kutaja faili liko wapi bila kukupigia.

## Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja

Mmoja tu. Huu ndo ukurasa mtu atausoma akiwa amechanganyikiwa, hajalala, na watu wamejaa sebuleni. Andika kwa herufi kubwa. Lensi ya jicho inakakamaa polepole na wengi wanaanza kuiona shida yake miaka ya arobaini hivi, kwa hiyo huyo atakayesoma huenda naye macho yake ni kama yako.

Weka haya:

1. Majina yako kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, na tarehe ya kuzaliwa
2. Watu watano wa kupigiwa kwanza, na namba zao
3. Magonjwa uliyonayo, dawa unazotumia, na dawa zinazokudhuru
4. Benki zako (jina la benki na tawi tu, PIN usiandike hapa)
5. Bima, mafao ya uzeeni, na vikundi vya kuweka akiba ulivyomo
6. Unaowadai na wanaokudai
7. Wosia uko wapi na nani anajua

Namba 6 ndo watu wanaipiga chenga. Deni la siri linakuja kujulikana tu, na linajulikana vibaya, mtu usiyemjua anasimama msibani na karatasi yake mkononi na familia haina pa kuanzia kubisha. Andika kiasi, tarehe, na kama kuna mkataba. Aibu yake utaimaliza kwa dakika tano we mwenyewe ukiwa peke yako mezani.

Ukimaliza weka tarehe juu. Ukurasa usio na tarehe hauaminiki.

## Hatua ya 3: Karatasi

Kusanya kila karatasi nyumbani, zote, hata zile za chini ya godoro, weka mezani. Afu gawa mafungu manne: utambulisho (vyeti vya kuzaliwa, ndoa, talaka, pasipoti), mali (hati za ardhi na nyumba, kadi ya gari, mikataba), pesa (benki, bima, mafao), na afya. Kila fungu bahasha yake, jina juu. Kinachobaki, yani bili za miaka kumi iliyopita na maelekezo ya redio ambayo haipo tena, kinaenda kuchanwa. Chana kweli, usitupe karatasi nzima yenye namba yako ya akaunti.

Risiti zile za karatasi laini zinazotoka kwenye mashine zinafutika na muda, kama ina maana ipige picha au toa kopi leo.

Sasa sehemu ambayo watu wazima na akili zao wanaanguka. Kwenye bima na kwenye mafao kuna fomu uliyojaza siku ya kwanza ukiandika nani atalipwa ukifa. Uliijaza lini? Ulimwandika nani? Kuna watu wameandika mchumba wa zamani, wengine mzazi aliyeshafariki. Katika nchi nyingi hiyo pesa inalipwa kwa aliyeandikwa kwenye fomu, wosia useme usemavyo. Kwa hiyo unaweza kuwa na wosia mzuri kabisa na bado pesa ikaenda kwa mtu mliyeachana miaka 20 nyuma. Piga simu au nenda uulize: "Nani ameandikwa kwenye fomu yangu?" Kama ni mtu mwingine, badilisha siku hiyohiyo na ondoka na kopi yenye muhuri.

## Hatua ya 4: Simu na akaunti

Hapa nitakaa kidogo maana yalinikuta. Baba alipofariki simu yake ilikuwa kwenye chaji pembeni ya kitanda, inaita kila baada ya dakika chache, na hakuna aliyejua namba ya kuifungua. Tukajaribu mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa ndoa, namba ya gari lake la kwanza. Ikajifunga. Namba za marafiki zake wote zilikuwa humo, wengine wakaja kusikia baada ya wiki mbili, na mmoja alinilaumu mpaka leo hajaniachia kabisa. Na we simu yako ni hivyohivyo sa hivi.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza, namba ya kufungulia simu. Iandike kwenye karatasi, weka kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, saini juu ya mfuniko wake. Mpe mtu mmoja kati ya wale wawili, au weka ndani ya faili. Ukiikuta imefunguliwa utajua na utabadilisha.

Pili, mipangilio ya akaunti. Kama unatumia Google, ingia kwenye mipangilio ya akaunti utafute sehemu ya akaunti isiyotumika. Unachagua wasubiri miezi 3, 6, 12 au 18 bila wewe kuonekana, afu unataja watu wa kupewa taarifa na data zako, mpaka watu 10. Usipofanya chochote, Google wana haki ya kufuta akaunti iliyokaa miaka 2 bila kutumika, na picha zako za wajukuu humo humo.

Kwenye iPhone unaweza kuweka watu mpaka watano wa kuachiwa akaunti. Kila mmoja anapata ufunguo maalumu, na siku ikifika atatakiwa kuutoa pamoja na cheti cha kifo. Uchapishe huo ufunguo, uweke kwenye faili. Na ujue kwamba hata hivyo hatapata nywila zako zilizohifadhiwa, ndo maana ile bahasha bado ina kazi.

Facebook inakuruhusu kumtaja mtu mmoja wa kuangalia ukurasa wako baada yako, au kuagiza akaunti ifutwe. Huyo mtu hawezi kusoma meseji zako za ndani. Naliandika hili maana najua kuna wanaoogopa kugusa hiyo sehemu kwa sababu hiyohiyo, haya, pumua.

WhatsApp ikikaa siku 120 bila kutumika akaunti kwa kawaida inafutwa. Kama kuna sauti za watu unazozitunza humo, zitoe uhifadhi kwingine.

Tatu, laini ya simu. Waambie wasiikate haraka. Namba za uthibitisho za benki na za akaunti nyingi zinakuja kwa meseji kwenye hiyo laini, wakiifunga wiki ya kwanza wamejifungia mlango na ufunguo uko ndani. Lakini PIN ya pesa usiiache ili mtu akatoe hela kwenye simu yako ukishafariki, hata kama ni mwanao na hela ni ya mazishi, maana hapo anaweza kujikuta kwenye kesi. Pesa ina utaratibu wake wa mirathi.

Jaribio: mpe mmoja wao simu yako na karatasi, we kaa pembeni kimya. Akiweza kuifungua na kukuonyesha namba tano za kwanza za kupigia, umemaliza.

## Hatua ya 5: Wosia na maagizo ya matibabu

Haya ni mawili na watu wanayachanganya. Wosia unasema baada ya kufa. Maagizo ya matibabu yanasema wakati bado uko hai lakini huwezi kuongea.

Wosia: muone mwanasheria au ofisi ya msaada wa sheria ya mahali ulipo, na kama dini yako ina utaratibu wa mirathi muone pia anayeujua, maana unaweza kukuta sehemu kubwa imeshapangwa na uhuru wako ni kwenye kipande tu. Katika nchi nyingi shahidi hatakiwi kuwa mtu anayerithi, na hili limewanyima wengi urithi wao, mtu anamuita mwanae aje ashuhudie sababu ndo yuko karibu jikoni. Ukiandika mpya sema wazi kwamba wa zamani umefutwa, afu chana wa zamani.

Maagizo ya matibabu: andika nani aongee na madaktari kwa niaba yako, na nini kwako ni maisha yanayofaa. Usianze na majina ya mashine. Andika kama unavyoongea, mfano: "Kama naweza kutambua watu wangu, nipiganieni. Kama haiwezekani tena na madaktari wanakubaliana, nataka nisiumie na nisiwe peke yangu." Huduma ya kutuliza maumivu kwa wenye magonjwa mazito ipo na ina wataalamu wake, na mtu anaweza kuipata huku bado anatibiwa, sio mpaka waseme imeshindikana. Uliza mapema.

Hiyo karatasi nayo inahitaji mtu wa kuitetea. Kama mwanao mkubwa amekwambia usoni hawezi kuifuata, muweke mwingine bila kinyongo.

## Hatua ya 6: Vitu

Wahenga walisema ukubwa ni jaa, walimaanisha mambo ya kubebeshwa lawama na shida za kila mtu, lakini fungua stoo yako uone kama hawakumaanisha na hili.

Mpangilio ni huu na usiubadilishe: stoo, jikoni, nguo, vitabu, vifaa vya kazi, zawadi, barua, picha. Kutoka kisichokugusa kwenda kinachokugusa. Maboksi matatu: kinabaki, kinatoka, sijui. Lile la "sijui" lifunge, andika tarehe ya miezi sita mbele. Ukifika hiyo tarehe hujalifungua, litoke hivyohivyo bila kuchungulia. Ukichungulia umeshindwa, naongea kwa uzoefu.

Baba aliacha droo ya funguo. Nilizihesabu, 31. Nne zilifungua kitu. Nyingine 27 tulizunguka nazo nyumba nzima siku mbili mimi na dada, tunajaribu kila kufuli, kila sanduku, kwa sababu tuliogopa kuna mahali ametuachia kitu. Hakikuwepo. Zilikuwa funguo za nyumba alizowahi kupanga, baiskeli iliyoibiwa, ofisi aliyostaafu. Leo kila ufunguo wangu una kipande cha karatasi, na usio na kazi nautupa siku mlango wake unapoisha.

Ndo maana kabla ya kujiuliza kama kitu unakipenda, jiulize: aliyebaki atajua hiki ni nini? Kama hatajua na kina maana, bandika stika, andika sentensi moja. "Hii saa nilinunua kwa mshahara wangu wa kwanza." Bila hiyo ni saa tu iliyosimama.

Vitu vya kugombewa vipo katika kila familia na mara nyingi sio vya bei. Kata mzizi wa fitina ukiwa hai: waite wote kwa wakati mmoja, kila mtu ataje vitu vitatu anavyovitaka, andika mbele yao. Vikigongana waachie wao waongee, we ukiwepo. Na kama unaweza kumpa mtu sasa hivi, mpe. Nilimpa mpwa wangu cherehani ya marehemu mama, shingo upande kabisa, nilikuwa situmii lakini nilipenda kuiona pale. Wiki moja baadae akapiga simu, shangazi hii sindano inakata uzi kila mara. Nikamuelekeza kwa simu, geuza upande bapa uangalie nyuma, pitisha uzi kutoka mbele, sasa jaribu. Nikaisikia ikilia. Sikuwa nimeisikia miaka saba.

Usitegemee wote wapokee. Wengine watakataa hizo sahani unazozitunza tangu harusi, na watakataa kwa adabu lakini watakataa. Usiwalazimishe, watachukua kwa heshima wakazitupe kwa siri.

Picha: chagua mia moja. Andika nyuma kwa penseli laini nani na nani, na mwaka, maana wino unapenyeza (hapa ndo penseli ina kazi). Picha ambayo hata we humkumbuki aliyemo, iache iende.

## Hatua ya 7: Majukumu

Hii inauma kuliko vitu. Ulikuwa mweka hazina wa kikundi miaka 18, ulikuwa dereva wa familia, ulikuwa unayejua kila kitu kinafanywaje. Sasa macho ya usiku hayako sawa na mguu unachelewa breki.

Usiachie siku ya ajali au siku ya makosa kwenye hesabu. Achia mwaka mmoja kabla. Mchukue anayekuja, miezi mitatu akuangalie we ukifanya, miezi mitatu afanye yeye na we unamwangalia ukiwa umekaa mikono mapajani, afu ondoka chumbani. Atafanya tofauti na wewe. Kama matokeo yapo, funga mdomo. Mi nimeuma ulimi mpaka nimeuzoea.

Gari: kubaliana na mtu wako wa karibu neno moja, kwamba siku akikwambia "leo niendeshe mimi" mara tatu kwa mwezi, funguo unakabidhi bila kesi. Likubalini hilo sasa hivi kabla mmoja wenu hajakasirika.

## Hatua ya 8: Maneno

Ukianza tu watakukatisha. "Mama usiseme hivyo bwana, utaishi sana." Wanajilinda wao. Usibishane, jibu: "Naomba niishi sana, mwanangu, lakini nipe dakika kumi." Fanya mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mboga au mko barabarani, macho yasipokutana ulimi unalegea.

Kwa kila mtu andaa mambo mawili tu: kitu unachomshukuru chenye tarehe na mahali, na kitu unachomuomba radhi bila neno "lakini". Hilo la pili liandike kwanza kwenye daftari, ulikate kate mpaka libaki fupi. Anaweza asijibu. Anaweza akaondoka mezani. Umeshasema, usimfuate.

Kwa aliyekukosea na hataki kuongea, au alishakufa, andika barua usiitume. Mi niliandika mbili, moja nikaichana siku hiyohiyo, ya pili imo kwenye faili mpaka leo na sijajua nitaifanyaje.

## Hatua ya 9: Rudia kila mwaka

Chagua mwezi, weka ukumbusho kwenye simu. Namba zinabadilika, watu wanahama, wale wawili wako nao wanazeeka. Mwaka huu nilibadilisha namba ya dada, nikatoa kwenye orodha ya kupigiwa jina la rafiki aliyetangulia, nikaandika tarehe mpya juu ya ukurasa. Dakika arobaini, afu nikaenda kulala.